Tarakimu za kalkuleta si wino wala taa

HEBU chukua kalkuleta ya mwanao, ile anayoenda nayo shuleni, uiwashe kisha uzime taa ya chumba. Unaona nini? Huoni kitu. Tarakimu zimemezwa na giza pamoja na meza na viti. Washa taa tena. Zipo pale pale, nyeusi tii, utadhani zimeandikwa kwa wino. Bonyeza kitufe kimoja na wino huo utafutika kufumba na kufumbua, na mwingine kuandikwa mahali pake.

Basi si taa, kwa maana taa ingeonekana gizani. Wala si wino, kwa maana wino haufutiki hivyo. Ni kitu gani?

Swali hili, mpenzi msomaji, si la watoto peke yao. Kitu hicho hicho ndicho kinachokuonyesha uniti zilizobaki kwenye kile kidude cha tokeni za stima ukutani. Ndicho kinachoandika lita na shilingi kwenye pampu nyingi za petroli, na ndicho kioo cha ile simu ndogo ya mulika mwizi ambayo nyanya hataki kuiacha. Runinga nyingi za sebuleni nazo zimejaa kitu hicho. Tunakitazama kutwa kucha ilhali hakuna anayekiona, kwa sababu chenyewe ni majimaji maangavu na kazi yake yote duniani ni kugeuka.

Tuanze na majimaji yenyewe. Punje ya chumvi au ya sukari ni kile ambacho wataalamu huita fuwele. Ndani yake chembe ndogo mno, ambazo kwa sukari ni molekuli, zimepangwa safu kwa safu kama matofali ya ukuta, kila moja mahali pake. Maji ni kinyume chake. Molekuli za maji ni kama watu wa Gikomba siku ya Jumamosi, kila mmoja na njia yake na mwelekeo wake. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba kitu ama ni kigumu, ama ni majimaji, ama ni mvuke, na hapo mjadala ukafungwa.

Lakini tikisa kiberiti kisha ukifungue. Njiti zinateleza, moja inapita nyingine, hakuna iliyofungwa mahali. Hata hivyo zote zimeelekea upande mmoja. Kuna majimaji ya aina hiyo. Molekuli zake ni ndefu na nyembamba kama njiti, zinatiririka kama maji, lakini zimelala zikielekea upande mmoja kama fuwele. Kwa hiyo zikaitwa fuwele miminika. Na usidhani ni kitu cha maabara za ng'ambo tu. Ule utelezi unaobaki chini ya sabuni iliyoachwa kwenye maji ni ndugu yake.

Aliyezikuta kwanza hakuwa akizitafuta. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea mjini Prague, Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza kemikali aliyoipata kutokana na karoti. Aliipasha moto. Ilipofika nyuzijoto 145.5 za Selsiasi ikayeyuka, lakini ikawa nzito na yenye ukungu kama maji ya mchele. Akaendelea kupasha. Kwenye 178.5 ukungu ukatoweka ghafla na kemikali ikawa angavu. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Reinitzer hakuyaamini macho yake, naye akafanya jambo la busara: akamwandikia barua na kumpelekea sampuli mwanafizikia Otto Lehmann, aliyekuwa na darubini ya kutazamia vitu vikiwa juu ya moto.

Lehmann alitazama na kutangaza kwamba haya ni majimaji, na papo hapo ni fuwele. Wakubwa wa kemia wa siku zile walimcheka. Mmoja wao, Gustav Tammann, alishikilia kwamba ule ukungu ni uchafu tu, mchanganyiko wa vitu viwili visivyopatana, kama mafuta na maji yaliyotikiswa pamoja. Mabishano hayo yaliendelea miaka na mikaka. Lehmann alifariki mwaka 1922 bila kupata Tuzo ya Nobel, ingawa jina lake lilipendekezwa zaidi ya mara moja.

Lehmann alijuaje kuwa hayakuwa maji ya kawaida, ilhali hakuna darubini ya wakati wake iliyoweza kuonyesha molekuli hata moja? Aliuliza mwanga. Hapa, msomaji, nakuomba usiruke mistari, kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hili.

Mwanga husafiri ukitetemeka, kama kamba ambayo watoto huizungusha wakiruka. Kamba waweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au mshazari. Mwanga wa jua na wa balbu umechanganya mitetemo ya kila upande. Sasa pitisha kamba katikati ya vyuma vya geti vilivyosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litapita hadi ng'ambo. Ukiitikisa kushoto na kulia, litagonga vyuma na kufia hapo. Kuna utando wa plastiki ambao kwa mwanga ni geti la namna hiyo. Tuuite kichujio. Kichujio kimoja hupunguza mwanga tu. Lakini ukiweka cha pili juu yake, vyuma vyake vikiwa vimelala badala ya kusimama, hakuna kinachopita. Giza totoro, na vichujio vyote viwili ni vyeupe.

Pengine unacho kichujio nyumbani bila kujua. Miwani ya jua ambayo wachuuzi huiita polaroidi, ikiwa ni ya kweli, vioo vyake ni vichujio. Nasema ikiwa ni ya kweli, kwa sababu barabarani kila miwani ni polaroidi kwa kiapo cha mwenye kuiuza. Dawa yake ni kalkuleta. Ivae miwani, tazama kioo cha kalkuleta iliyowashwa, kisha uizungushe kalkuleta polepole kama usukani, robo mzunguko au zaidi. Kama miwani ni halisi, utafika mahali kioo chote cha kalkuleta kitakuwa cheusi kama lami, tarakimu na yote. Kama hakuna kinachobadilika hata uzungushe vipi, mrudishie mchuuzi mali yake. Simu nyingi nazo zinafaa kwa jaribio hili, ingawa nyingine zimewekewa utando wa ziada unaoficha dalili. Kalkuleta ya bei nafuu ndiyo hakimu mwaminifu.

Jaribio hilo limekupa siri nyingine bila kukutoza kitu: juu ya kioo cha kalkuleta kuna kichujio, na ndiyo maana kinagongana na miwani yako. Chini yake kuna kingine. Katikati ya hivyo viwili ndimo yalimo majimaji yetu.

Vichujio hivyo viwili vimepishana, kimoja wima na kingine kimelala. Kwa haki kioo kizima kingekuwa cheusi wakati wote. Mbona basi ni cheupe, au tuseme kijivu, tarakimu zisipokuwapo? Jibu ni mpangilio wa molekuli. Kioo cha ndani hupakwa utando mwembamba, kisha husuguliwa kwa kitambaa laini upande mmoja tu, kama mama anavyomchana mtoto nywele. Molekuli zinazogusa kioo hicho hulala zikifuata mchano huo. Kioo cha juu kimechanwa upande mmoja, cha chini kimechanwa kukata ule wa kwanza. Molekuli zilizo katikati hazina budi kugeuka kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, mfano wa ngazi ya mnara wa msikiti, kila kipandio kimezidi kidogo mwenzake hadi robo mzunguko inatimia. Mwanga ukiingia kwa juu hushuka ngazi hiyo, na mtetemo wake hugeuzwa nayo. Ukifika chini umekwisha kugeuka kiasi cha kupita kichujio cha pili, ukagonga bamba linalong'aa chini kabisa, na kurudi juu kwa ngazi ile ile. Ndipo wewe ukaona kioo cheupe.

Mfaransa Charles Mauguin alikwisha kuona ngazi za namna hii mwaka 1911, na Mfaransa mwenzake Georges Friedel akazipa fuwele hizi majina yake mwaka 1922. Wote wawili walitumia mwanga na vichujio. Umeme ulikuwa bado kuingia vizuri katika mambo haya.

Na umeme unaingiaje? Ukiunganisha betri na mabamba mawili yaliyotazamana, nafasi iliyo kati yake hujaa kile kinachoitwa uga wa umeme, yaani eneo ambamo kitu chenye chaji husukumwa au kuvutwa. Molekuli zetu zimeumbwa hivi kwamba uga huo huzivuta zisimame zikielekea mabamba, kama sindano ya dira inavyoelekea kaskazini. Vioo vya kalkuleta vimepakwa utando unaopitisha umeme lakini hauonekani, nao umekatwa kwa vipande vya kuunda tarakimu. Kipande kikipata umeme, molekuli zilizo chini yake zinasimama, ngazi inavunjika, mwanga haugeuzwi tena, kichujio cha pili kinauzuia. Mahali hapo pakawa peusi. Umeme ukikatika, molekuli zinarudi kulala kama kioo kilivyozichana, ngazi inajijenga upya na weusi unafutika. Hiyo ndiyo tarakimu yako, yaani kivuli cha umati uliosimama.

Jambo moja tu halijaelezwa, nalo ndilo tamu kuliko yote. Umeme kidogo sana haufanyi kitu. Ukianza na sufuri na kuongeza pole pole, molekuli hazitikisiki kabisa. Unaongeza, kimya. Unaongeza tena, kimya. Kisha, kwenye kiwango fulani, zinaanza kuinuka. Kwa nini zisianze kuinama kidogo tangu mwanzo?

Fikiria paredi ya shule asubuhi. Safu ya mbele iko chini ya jicho la mwalimu wa zamu. Safu ya nyuma iko chini ya jicho la viranja. Hakuna wa safu hizo atakayethubutu kugeuza shingo. Barabarani pembeni pametokea kelele. Kelele zikiwa ndogo, paredi nzima inabaki imetazama mbele, kwa sababu kila mwanafunzi anamwiga jirani yake, na mwisho wa kuigana ni wale walioshikwa na mwalimu. Kelele zikizidi, wa kwanza kugeuka ni wale wa katikati kabisa, walio mbali na mwalimu na mbali na viranja. Na paredi ikiwa ndefu, yenye safu arubaini badala ya nne, kelele kidogo tu zinatosha kuwapata wa katikati.

Aliyepima jambo hili kwa makini alikuwa Vsevolod Freedericksz, mwanafizikia aliyezaliwa Warsaw mwaka 1885 na kufanya kazi Leningrad, mji ambao leo unaitwa St Petersburg. Huyu alikuwa na akili ya kuenea. Mwaka 1924 yeye na Alexander Friedmann walichapisha kitabu kuhusu nadharia ya Einstein, na miaka mitatu baadaye yuko kwenye meza ya maabara akishughulika na majimaji yenye ukungu. Jaribio lake lilikuwa rahisi kiasi cha kumfanya mtu aone haya kwa kutolifikiria. Alihitaji paredi za urefu mbalimbali, yaani majimaji ya unene mbalimbali. Badala ya kutengeneza vioo mia, alichukua kioo bapa na kulaza juu yake lenzi iliyobenuka, majimaji yakiwa katikati. Mahali lenzi inapogusa kioo unene ni sufuri. Kadiri unavyotoka kuelekea ukingoni, unene unaongezeka. Paredi zote zimo humo, fupi na ndefu.

Kisha akaleta sumaku yenye nguvu, kwa sababu sumaku nayo huzivuta molekuli hizi. Mwanga ulionyesha duara. Ndani ya duara, kwenye majimaji membamba, molekuli zilikuwa zimekataa kugeuka. Nje yake, kwenye majimaji manene, zilikuwa zimekubali. Alipoongeza nguvu za sumaku duara likawa dogo. Akapima na kupima, na matokeo aliyochapisha mwaka 1927 pamoja na mwenzake A. Repiewa yalikuwa na hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la nane anaiweza: zidisha unene kwa nguvu za sumaku pale mpaka wa duara ulipo, na jibu ni lile lile daima. Unene nusu, sumaku mara mbili.

Miaka ya 1930 yeye na mwanafunzi wake Zwetkoff walifanya hivyo kwa umeme. Hapo sheria hii hii inazaa ajabu nyingine. Nguvu za uga wa umeme ni volti ukigawa kwa unene. Ukipunguza unene nusu, unahitaji uga mara mbili, lakini volti zile zile sasa zinakupa uga mara mbili. Unene unajikata wenyewe katika hesabu! Inabaki volti peke yake. Kwa mojawapo ya majimaji yanayotumiwa sana maabarani, kiwango hicho kiko chini kidogo ya volti 1, yawe manene kama unywele au membamba mara kumi kuliko unywele. Na usiidharau volti moja. Kioo cha kalkuleta kina unene wa elfu chache tu za milimita. Volti 1 ikibanwa katika elfu tano za milimita ni sawa na volti 200,000 kwa mita. Ndiyo maana betri ndogo kama kifungo cha shati inatosha kuusimamisha umati mzima.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudia kazi hii leo hana haja ya lenzi ile. Anachukua vioo viwili vilivyochanwa upande mmoja, bila ngazi, na katikati majimaji ya unene wa elfu kumi za milimita. Anaviweka kati ya vichujio viwili vilivyopishana, mchano ukiwa mshazari, na kupitisha mwanga mwekundu wa leza. Upande wa pili anaweka kifaa cha kupima mwanga. Kisha anaongeza volti kidogo kidogo na kuandika.

Kitakachotokea ni hiki. Mwanga ukiwa ndani ya majimaji hugawanyika mara mbili, sehemu moja ikitetemeka kufuata urefu wa molekuli, nyingine ikitetemeka kukata urefu huo. Hizi mbili ni kama watu wawili wanaotembea sambamba ufukweni, mmoja kwenye mchanga mkavu na mwenzake kwenye mchanga ulioloa na kushikana. Wametoka pamoja lakini hawafiki pamoja. Jinsi walivyoachana ndiyo inayoamua kama kichujio cha pili kitapitisha mwanga au la. Molekuli zikianza kuinuka, tofauti kati ya wasafiri hawa inapungua, na kifaa cha kupimia kinaonyesha mwanga ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, karibu mara tatu kwa unene huo, kabla ya kutulia gizani. Kila kupanda na kushuka ni hatua moja ya umati kusimama. Volti ambapo mawimbi hayo yanaanza inamwambia mwanafunzi jinsi molekuli zinavyoshikamana. Idadi ya mawimbi inamwambia jinsi mwanga unavyotofautiana mwendo. Akikata umeme na kupima muda, atagundua kwamba majimaji membamba nusu hurudi kulala mara nne upesi zaidi, na hiyo ndiyo sababu watengenezaji wa runinga wanashindana kuyafanya membamba, mpira usiache mkia uwanjani.

Yote hayo, na hakuna molekuli hata moja iliyoonekana kwa jicho. Mwanga umeulizwa, nao umejibu. Kwa kweli miaka ya mwanzo ya 1980 ilionyeshwa kwamba mwanga wenyewe, ukiwa mkali vya kutosha, unaweza kuzigeuza molekuli hizi bila msaada wa betri, nao pia una kiwango ambacho chini yake hakuna kinachotikisika.

Angalizo kwa mafundi wachanga: umeme unaotumika ni ule wa kwenda na kurudi. Ukiunganisha betri moja kwa moja na kuiacha, takataka zenye chaji zilizomo ndani ya majimaji hukusanyika kwenye mabamba na majimaji yenyewe huharibika. Katika kalkuleta kuna saketi inayogeuza umeme huo mara nyingi kwa sekunde. Molekuli hazijali. Zinasimama vile vile, kuchanya kuwe juu ama kuchanya kuwe chini.

Freedericksz hakuiona kalkuleta. Mwaka 1936, wakati wa ukatili wa Stalin, alikamatwa pamoja na wanasayansi wengine wa Leningrad na kuhukumiwa kifungo. Shemeji yake, mtunzi mashuhuri wa muziki Dmitri Shostakovich, hakuweza kumwokoa, na dada ya mtunzi huyo, Maria, mke wa Freedericksz, naye alifukuzwa hadi Asia ya Kati. Mwanafizikia huyo alifariki Januari 1944 mjini Gorky, ambao leo ni Nizhny Novgorod. Wanafizikia wanaokiandika kile kiwango cha volti hadi leo wanakiita kwa jina lake. Kwa maoni yangu angalau mstari mmoja juu yake ungefaa kuwamo katika vitabu vya fizikia vya sekondari, maana wanafunzi huingia chumba cha mtihani wa KCSE wakiwa na kazi yake mkononi.

Biashara ilikuja polepole. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA huko Marekani walionyesha dunia kioo cha fuwele miminika, lakini chao kilihitaji volti nyingi na kilifanya kazi kwa kuyavuruga majimaji hadi yageuke kama maziwa. Ile ngazi ya robo mzunguko ililetwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich mjini Basel, Uswisi, mwishoni mwa 1970, na James Fergason wa Marekani akafuata na hati yake ya uvumbuzi mwaka 1971.

Bado palikuwa na kikwazo cha joto. Kumbuka karoti za Reinitzer: nani atabeba saa ya mkononi yenye nyuzi 145? Mwaka 1973 Mskoti George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza kemikali zisizoharibiwa na hewa wala mwanga. Mojawapo huwa fuwele miminika kati ya nyuzi 24 na 35 hivi. Ni uvumbuzi mkubwa, lakini kwa Garissa ungekwisha kabla ya adhuhuri. Basi wakachanganya kadhaa pamoja, kama mpishi wa pilau, wakapata mchanganyiko unaovumilia tangu baridi ya barafu hadi karibu nyuzi 60. Umewahi kuacha simu au saa kwenye dashibodi ya gari juani, ukarudi ukakuta kioo chote ni cheusi? Usikimbilie kwa fundi. Umevuka kile kiwango cha pili cha Reinitzer. Umati umetawanyika, ngazi haipo. Iweke kivulini, na mara nyingi itarudi yenyewe.

Aidha, ukienda barabara ya Luthuli jijini Nairobi kununua runinga, utaambiwa kwamba hii ni LED na ile ya zamani ilikuwa LCD, tena kwa bei tofauti. Ujue kwamba nyingi za hizo zinazoitwa LED ni fuwele miminika zile zile. Herufi hizo zinataja taa ndogo zilizo nyuma ya kioo. Mbele ya taa hizo kuna vichujio na majimaji, ingawa namna molekuli zilivyopangwa si lazima iwe ile ngazi ya kalkuleta. Runinga ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina vilango 6,220,800 vya majimaji, vitatu kwa kila nukta, chekundu, cha kijani na cha buluu. Zilizo tofauti kweli ni zile za OLED, ambazo kila nukta hujiwakia yenyewe.

Kama nyumbani kuna kalkuleta mbovu ambayo kioo chake bado kinaonyesha tarakimu, mzazi na mtoto wanaweza kumaliza somo hili mezani. Tumieni ukucha au wembe, mkononi mwa mtu mzima, kuubandua utando wa juu wa kioo polepole kuanzia pembeni. Msikivunje kioo, na kikivunjika msiyaguse majimaji yaliyomo. Utando ukishatoka, tarakimu zitapotea na kioo kitabaki kitupu, ingawa kalkuleta inawaka na inaendelea kupiga hesabu. Ushike utando huo juu ya kioo, tarakimu zitarudi. Uzungushe robo mzunguko na utaziona zimegeuka nyeupe juu ya kioo cheusi.